Punda Mwenye Mabawa wa Thadeo

Simu iliita Martina akiwa ameshika mkoba wa shule, akimwonyesha mwenye duka zipu iliyogoma. Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, na Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla jijini Guangzhou, ulikuwa umefurika watu na mikokoteni.

"Laoban, tazama mwenyewe," alikuwa akisema, maana huko kila mwenye duka ni laoban, yaani bosi. "Zipu hii hata mtoto hajaigusa imeshakufa."

Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alicheka akasema meiyou, hakuna mwingine. Hapo ndipo simu ilipoita, na jina lililotokea lilikuwa la Abdulwakil.

"Dada Martina, uko wapi?"

"Yide Lu. Nikuchukulie nini?"

"Umekula?"

Abdulwakil alikuwa mfanyabiashara kutoka Unguja, na mwaka wa tisa sasa alikuwa amepanga nyumba moja na kaka yake Martina kule mtaa wa Dengfeng. Katika miaka yote hiyo kila alipopiga simu alianza na utani, na siku ambayo hakuwa na utani mpya alirudia wa jana. Hakuwahi hata mara moja kumuuliza kama amekula. Mtu wa kwetu akikuuliza hivyo asubuhi, kwa sauti ya chini namna ile, ujue anakutafutia nguvu za kusikia jambo.

"Ni kaka?"

"Njoo hospitali, dada. Usipande treni, chukua teksi."

"Abdul, nimekuuliza. Ni kaka?"

"Ameanguka kazini, kule makumbusho. Madaktari wamejitahidi. Mungu amemchukua, dada yangu."

Martina aliuweka mkoba mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Mwenye duka alimtazama usoni, akaacha kucheka. Akatoa kigoda alichokuwa amekalia mwenyewe, akamkalisha, akateremsha mlango wa duka nusu ili wapita njia wasimkodolee macho. Hawakuwa na lugha ya kuzungumzia jambo kubwa kiasi kile, basi alimshika bega tu mpaka teksi ikapatikana. Teksi ilipopita mbele ya kanisa la mawe lenye minara miwili, kanisa ambalo Martina na kaka yake walisali kila Jumapili, Martina alifanya ishara ya msalaba na kusema moyoni: Bwana, mpokee.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za karatasi. Cheti cha kifo, barua, mihuri, tafsiri ya barua, muhuri wa tafsiri. Watanzania wa Guangzhou, Wakristo kwa Waislamu, walijipanga kwa zamu kumsindikiza Martina ofisi hadi ofisi, na hakuna aliyemwachia afungue mlango kwa mkono wake. Lakini maneno yaliyomkaa kifuani yalikuwa ya mama yake, aliyempigia kutoka nyumbani, Himo.

"Mwanangu asije nyumbani kama mzigo usio na mwenyewe," mama alisema. "Umenisikia, Martina? Aje na jina lake."

"Atakuja na jina lake, mama."

Aliahidi hivyo kabla hajajua. Siku ya pili kijana wa kampuni ya mazishi alimweleza kwamba jeneza litawekwa ndani ya sanduku la mbao, na juu ya sanduku itabandikwa karatasi yenye namba. Namba ile ndiyo itakayosomwa uwanja wa ndege, huku na kule.

"Karatasi?" Martina aliuliza. "Ya kubandikwa na gundi?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu hasafiri na karatasi ya gundi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akalia kwa sauti. Kijana yule hakuelewa. Abdulwakil, aliyekuwa akitafsiri, alielewa sana, akageukia dirishani.

Ili mtu aelewe lazima amjue Thadeo Elinami.

Alizaliwa Himo, kwenye njia panda ya malori, akamaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri katika somo moja tu, uchoraji. Akawa mwandika malori. Kwa miaka kumi na tano ilikuwa vigumu kupita barabara ya Holili bila kukutana na mwandiko wake kwenye mlango wa lori au juu ya kioo cha mbele. Hakutumia rula. Alisimama mbele ya bati, akavuta pumzi, akaandika neno zima kabla hajaitoa. Martina alipokuwa na miaka kumi alimpa kipande cha bati chakavu na brashi iliyonyonyoka, akamfundisha herufi M, na kila alipokosea alimwambia, "Usirudie juu yake. Andika nyingine pembeni."

Mwaka 2011 alimfuata dada yake Guangzhou. Nia ilikuwa biashara, lakini biashara ilimshinda, kwa kuwa alikuwa hawezi kumtajia mteja bei bila kumwonea huruma. Kilichompa riziki kilikuwa brashi ileile. Katika msimu wa kwanza marobota matatu ya Martina, sweta tupu za watoto, yalibandikwa karatasi zenye jina, mvua ikanyesha bandarini, gundi ikaachia, na marobota hayakuonekana tena. Martina alizoea kusema kwamba kuna nchi asiyoijua ambako watoto wamevaa sweta zake. Thadeo hakucheka. Alikwenda kununua rangi nyeusi ya mafuta, akasema mzigo wa nyumba yao hautasafiri na karatasi tena.

Kuanzia hapo kila siku ya kufunga mizigo alikuwa mtaa wa Guangyuan Xilu, kati ya majengo marefu ya maduka ya nguo, amepiga goti juu ya robota. Jina la mwenye mzigo, mji, na alama. Kila mfanyabiashara alikuwa na alama yake, kwa sababu wapagazi wa huko wasiosoma herufi zetu hawakosi kumtambua jogoo. Mmoja alikuwa na jogoo, mwingine ufunguo, mwingine sufuria. Abdulwakil alichagua simba.

"Simba wako mbona ana uso wa kucheka?" Abdulwakil alilalamika siku ya kwanza.

"Nimemchora mwenye mzigo," Thadeo akajibu.

Ndipo siku moja Mwalimu Ou alipomwona. Alikuwa mama mfupi wa miaka zaidi ya sitini, mwalimu mstaafu wa sanaa, amekuja Guangyuan Xilu kununua vitambaa vya kufunikia vitu. Alisimama saa nzima akimtazama Thadeo anavyozungusha mkia wa jogoo kwa mkono mmoja usiotetemeka, kisha akamuuliza Abdulwakil mtu huyu alisomea wapi.

"Mwambie nimesomea kwenye milango ya malori," Thadeo alisema.

Mwalimu Ou alifurahi sana. Alikuwa mtunzaji wa makumbusho madogo ya ndege za vita, upande wa mashariki wa jiji, ndani ya lililokuwa godauni. Si makumbusho ya kutangazwa. Kulikuwa na injini mbili, propela iliyopinda, na makabati ya vitu vya watu: ramani iliyochapwa kwenye hariri ili rubani aifiche ndani ya koti, kitambaa chenye maandishi ya Kichina cha kushonwa mgongoni, kinachomwomba mkulima atakayemwokota rubani amfiche, birika lililofuliwa kwa bati la ndege iliyoanguka, daftari la fundi mmoja kijana aliyechora kwa penseli nyuso za wenzake, na chini ya nyuso kumi na moja ameweka alama ndogo ya wale ambao hawakurudi. Na ukutani, peke yake, lilitundikwa bati la pua ya ndege ya mizigo. Juu yake mwanajeshi asiyejulikana alikuwa amechora punda mwenye mabawa, amebeba marobota mawili, anaruka juu ya milima.

Thadeo alipomwona alisimama kimya kama mtu aliyeingia kanisani. Babu yao, mzaa baba, alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa mwanajeshi wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na hadithi yake kubwa ilikuwa ile ya chakula kilichodondoka kutoka kwenye ndege, kikawakuta msituni wamekaa na njaa siku nne. Babu alisema hakumjua rubani lakini alimwombea mpaka uzee. Sasa mjukuu wake alikuwa amesimama mbele ya punda.

"Huyu ni mwenzetu," alimwambia Abdulwakil. "Mbeba mizigo."

Mwalimu Ou alimpa kazi ya siku mbili kwa wiki, na kazi ya kwanza ilikuwa kupangusa vumbi kwa pamba. Hapo ndipo Thadeo alipofanya kosa ambalo ni mwandika malori tu angeweza kulifanya. Himo, mtu akikuletea mlango uliopauka anataka aurudishe nyumbani unang'aa. Kumpa mlango umepanguswa vumbi tu ni kumtukana. Basi Thadeo, kwa moyo mweupe kabisa, alileta rangi zake. Mwalimu Ou alipotoka kwenda kula, alimpaka punda sikio la kulia likawa jeupe kama maziwa, na robota moja likawa jekundu. Kisha akakaa kitini, mikono magotini, akisubiri pongezi.

Mwalimu Ou alirudi, akatazama, akakaa chini na kujifunika uso.

Thadeo alimpigia Abdulwakil simu. "Mama wa watu amefurahi mpaka analia. Mwambie karibu sana, sikio la pili kesho."

Abdulwakil alizungumza na Mwalimu Ou kwenye simu ileile dakika kadhaa. Aliporudi kwa Thadeo sauti yake ilikuwa imebadilika. "Thadeo, weka brashi chini. Iweke mbali na wewe. Anasema umemfunika mtu."

"Nimemfunika nani?"

"Aliyechora. Anasema mkono wa yule mwanajeshi ulikuwa pale miaka themanini, na wewe umeufunika."

Thadeo hakula siku ile. Kesho yake alikwenda alfajiri, akiwa na uhakika kwamba anafukuzwa, akamkuta Mwalimu Ou amepanga mezani lenzi, vijiti vya pamba na dawa ya kuondolea rangi. Hakumfokea. Alimwonyesha mara moja: unalowesha, unasubiri, unazungusha kijiti, unakitupa. Sehemu ya ukubwa wa punje ya mchele kwa wakati mmoja. Sikio na robota vilimchukua wiki tano, na alikataa kulipwa hata siku moja ya wiki hizo.

Katika wiki ya nne, chini ya sikio, lenzi ilimwonyesha mistari myembamba ya mviringo ndani ya rangi ya zamani. Alidhani ni nyufa. Akamwita Mwalimu Ou. Mama wa watu aliinama, akatazama muda mrefu, kisha akakinyanyua kidole gumba chake mwenyewe mbele ya macho ya Thadeo. Yule mwanajeshi aliegemea bati rangi ikiwa bado mbichi, akaacha gumba lake. Hakuna aliyewahi kuliona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtazama punda yule kwa upana wa punje ya mchele.

Tangu hapo Thadeo alimwombea mwanajeshi yule kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Padri alipomuuliza jina la kuandika kwenye bahasha ya nia za Misa, Thadeo alisema jina hatulijui, andika tu: yule wa punda. Padri akaandika.

Mwalimu Ou naye alimruhusu aweke chini ya bati kadi ya Kiswahili, na Thadeo aliiandika kwa mkono wake. Watanzania walioletwa Guangzhou na biashara walikwenda kuisoma, wakapiga picha. Wote walikwenda isipokuwa dada yake.

"Njoo umwone punda wangu," alimwambia kwa miaka mitatu.

"Nikimaliza mzigo huu, kaka."

"Punda amesubiri miaka themanini, atakusubiri. Mimi ndiye sijui." Alikuwa na presha, na alisema hivyo huku akicheka, nao walikuwa wakipakia marobota, na Martina alimwambia aache maneno ya ajabu, ashike upande wake.

Ijumaa Martina na Abdulwakil walipanda treni kwenda makumbusho kuchukua brashi za Thadeo. Kijana wa kampuni ya mazishi alikuwa ameshauliza wakubwa wake, nao walisema karatasi yenye namba lazima iwepo, ila wakitaka kuongeza jina ubavuni kwa rangi, hakuna kizuizi. Kilichobaki ni nani aandike. Walikuwa wamewauliza wote. Mwandiko wa Abdulwakil, kwa maneno yake mwenyewe, hata duka la dawa lingeukataa. Mwandika mabango mmoja wa Kichina alikubali, lakini Martina alipofikiria jina la kaka yake likiandikwa na mtu asiyejua kulitamka, moyo ulimkataa.

Mwalimu Ou aliwapokea mlangoni amevaa nyeusi. Aliwaonyesha meza ambapo Thadeo aliangukia. Lenzi ilikuwa palepale, na kijiti cha pamba kilichotumika nusu. Alikuwa akisafisha pembe ya daftari la yule fundi. Kisha akawapeleka ukutani.

Martina alimtazama punda. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, amepauka, na bawa moja ni kubwa kuliko la pili. Marobota yake yalikuwa yamefungwa kamba msalaba, vilevile wanavyofunga Guangyuan Xilu. Akasoma kadi:

*Punda huyu alibeba mizigo juu ya milima wakati wa vita. Aliyemchora hajulikani. Gumba lake liko chini ya sikio la kulia. Tazama, lakini usiguse.*

Herufi zilikuwa zimesimama wima, kila moja katika pumzi ileile. Mwalimu Ou alimpa lenzi. Martina aliinama, akauona mviringo wa gumba, na akalia pale bila kujificha. Alilia kwa ajili ya kaka, na kwa miaka mitatu ya mzigo huu na mzigo ule.

Alipoinuka, Mwalimu Ou alikuwa ameshika kopo la brashi kwa mikono miwili. Alisema jambo refu kwa sauti ndogo.

"Anasema," Abdulwakil akatafsiri, "anasema watu wengi wana mkono mzuri. Lakini ukimwambia mtu mwenye mkono mzuri kwamba amekosea, huwa anakuchukia. Thadeo alirudi alfajiri. Anasema katika miaka yake yote ya kufundisha hakupata mwanafunzi kama huyo. Na anauliza jina ataliandika nani."

Martina alilichukua kopo. "Mimi," alisema.

"Dada, mara ya mwisho ulishika brashi lini?"

"Nikiwa na miaka kumi."

"Basi mwalimu wako bado ni Thadeo peke yake," Abdulwakil alisema, na safari hii hakutania.

Walimuaga Thadeo Jumamosi asubuhi, katika chumba cha kuagia maiti. Walikuwa watu kama arobaini. Padri aliongoza sala, wakaimba wimbo mmoja wa nyumbani, wanawake wakashika sauti ya pili. Waislamu walisimama nyuma, na sala ilipokwisha Abdulwakil alisogea akainua mikono, akamwombea rafiki yake dua kwa namna ya kwao. Mwalimu Ou aliinama mara tatu mbele ya jeneza, kama desturi yao ilivyo. Thadeo alikuwa amevaa suti ya kijivu. Ukingoni mwa ukucha wa kidole chake cha shahada kulikuwa na rangi nyeusi ambayo hakuna aliyeweza kuitoa. Martina alimbusu paji la uso, akasema, "Pumzika, kaka. Nilimwona." Kisha kifuniko kikafungwa.

Sanduku la mbao lilikuwa uani, chini ya kivuli cha bati. Jeneza likaingizwa, misumari ikapigiliwa, kijana wa kampuni akabandika karatasi yenye namba. Martina alipiga goti. Akachovya brashi, akavuta pumzi, akaandika ubavuni THADEO ELINAMI, na chini yake HIMO. Pumzi ilimwishia kwenye herufi ya nne, akavuta nyingine. Kisha alichora alama, kwa kuwa kaka yake, aliyewapa watu wote alama, hakuwahi kuwa na yake. Hakuwahi kuwa na mzigo. Alichora punda mwenye mabawa.

Abdulwakil aliinama pembeni yake, macho yamejaa machozi. "Dada," alinong'ona, "huyo ni mbuzi."

Martina alicheka na kulia kwa pamoja, na waliokuwa karibu nao wakacheka. Wakati huohuo rangi iliteleza kutoka mguu wa E, ikashuka mstari mmoja mwembamba mpaka karibu na H ya HIMO. Abdulwakil alitoa kitambaa mfukoni haraka.

"Acha," Martina alisema.

"Nafuta hiyo iliyotiririka tu, haitaonekana."

"Acha, Abdul. Ndiyo ilivyoandikwa."

Mwalimu Ou, ambaye hakuhitaji kutafsiriwa, alitikisa kichwa kukubali.

Walisubiri dakika ishirini rangi ishike kidogo. Martina alisafisha brashi kwa mafuta ya taa, akaipangusa, akairudisha kwenye kopo. Wanaume sita walilibeba sanduku wakaliingiza kwenye gari, upande wenye jina ukitazama mlangoni. Mlango ukafungwa, na gari likatoka getini likakata kulia kuelekea uwanja wa ndege. Padri alifanya ishara ya msalaba. Martina alisimama pale mpaka gari lisionekane tena, kisha akachukua begi lake, maana na yeye alikuwa akisafiri jioni ile.